Kauboi, zombi na kicheko: mchanganyiko unabeba wapi na unaporomokea wapi

Filamu ya kauboi yenye mazombi na vichekesho mara nyingi hutupwa kapuni kabla haijatazamwa vizuri. Si haki. Kauboi na zombi ni ndugu tangu zamani, na kinachowaunganisha ni kuzingirwa: watu wachache ndani, adui nje, risasi za kuhesabu. Katika Rio Bravo ya Howard Hawks (1959), sherifu na wasaidizi wake wanailinda jela ya mji mdogo. Katika Night of the Living Dead ya George Romero (1968), filamu iliyotupa zombi huyu tunayemjua leo, watu wanagongelea mbao madirishani mwa nyumba ya shamba. John Carpenter alichota kwa zote mbili alipotengeneza Assault on Precinct 13, filamu ya kituo cha polisi kinachozingirwa, mwaka 1976. Kauboi na zombi wanaelewana vizuri tu. Mgogoro unaletwa na kicheko: kinaingilia mlango gani, na kikishapita kinaacha nini kimesimama.

Faida ya kwanza ni upweke wa mahali. Filamu ya zombi ya siku hizi hulazimika kuua simu, intaneti na jeshi kabla hofu haijaanza. Mji wa mpakani wa Arizona mwaka 1880 hauhitaji hayo. Waya wa telegrafu ulikuwa umeunganisha Marekani pande mbili tangu 1861 na reli tangu 1869, basi kata waya, zuia treni, na mji umebaki peke yake kwa onyesho moja fupi.

Faida kubwa zaidi ni bunduki zenyewe, na hapa ndipo watengenezaji wengi wanapoacha mali mezani. Bastola ya Colt ya 1873 ina matundu sita, lakini mtu mwangalifu alijaza matano ili nyundo ikae juu ya tundu tupu. Ikiisha, haikunjuki ikamwaga maganda kwa mkupuo. Unafungua kimlango cha pembeni, unasukuma ganda moja kwa kifimbo, unazungusha silinda, unasukuma la pili, kisha unajaza upya risasi moja moja. Mkono uliotulia huchukua kama nusu dakika. Zombi anayejikokota mita moja kwa sekunde amekwisha kula mita thelathini. Hesabu hiyo ni saa ya kutisha na pia ni mtambo wa kuchekesha, kwa sababu mkono unaotetemeka utaangusha risasi sakafuni na kila mtazamaji anajua zimebaki ngapi. Ongeza moshi: baruti isiyo na moshi mwingi ilibuniwa Ufaransa mwaka 1884 tu, kwa hiyo kabla ya hapo risasi tano ndani ya baa zilitosha kujaza chumba ukungu mweupe. Waliomo hawaoni kitu; zombi hajali.

Sasa tazama kinachoharibika. Steringi anafyatua mara ishirini bila kujaza, kila risasi inapata kichwa, na kuanzia hapo hakuna hofu. Hofu ikifa, kicheko kinakufa nayo, kwa sababu katika filamu ya namna hii tunacheka tukiwa bado tunaogopa.

Pana pia suala la usalama. Mwaka 2021 risasi halisi iliyokuwa ndani ya bastola ya seti ilimuua mkurugenzi wa upigaji picha wa filamu ya kauboi huko New Mexico. Kutumia silaha bandia na kuongeza mwale wa moto wa mtutu kwenye kompyuta baada ya kupiga picha ni uamuzi sahihi, lakini una gharama yake: silaha bandia hairuki mkononi, na mwigizaji asiyefundishwa kuigiza mrusho huo huonekana ameshika toi.

Turudi kwenye kicheko. Filamu za kauboi zimejengwa juu ya kanuni ya heshima: hupigi mtu mgongoni, unamsubiri achomoe, unavua kofia mbele ya mjane. Zombi haijui kanuni hiyo. Sherifu anasimama katikati ya barabara saa sita mchana, miguu imepanuka, vidole vinacheza juu ya mkanda, anamsubiri mpinzani achomoe silaha ambayo mpinzani hana. Hicho ni kicheko chenye mizizi, kwani kinatoka kwa binadamu anayeng'ang'ania adabu mahali ambapo adabu itamuua, na kinaweza kurudi katika sura mpya hadi mwisho. Ubaya ni pale vichekesho vinapohamishiwa kwa zombi: anateleza, anacheza ngoma, anapiga piano kwa mkono uliokatika. Mara ya kwanza ukumbi utacheka. Ya tatu, hakuna tena adui. Shaun of the Dead (2004) ililielewa hili. Mazombi wake ni hatari kweli, na wanaochekesha ni wazima.

Kwa upande wa picha, shoti pana ya kauboi ni rafiki wa vichekesho vya mwili. Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu bubu, alilionyesha mapema katika The General (1926): kamera mbali, mwili mzima unaonekana, hatari inaonekana ikija kabla mhusika hajaiona. Adui ni jua. Vipodozi vya kutisha vilivyobuniwa kwa giza haviwezi saa sita. Kingo za mpira wa usoni zinaonekana, jasho linaachisha gundi, na damu ya sharubati inakauka, inanata vumbi na kuita nzi. Njia nzuri ni kuacha zombi mbichi wa kijani. Ardhi kavu hukausha maiti kabla haijaoza, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865) kuhifadhi maiti kwa dawa zenye aseniki kulienea. Kwa hiyo zombi wa jangwani awe mkavu, wa rangi ya ngozi iliyokaushwa. Nyoosha ngozi ya mwigizaji kwa vidole, pakaa lateksi (mpira wa majimaji) kwa sponji, kausha, tia poda, achia: mikunjo inajitokeza yenyewe. Ni rahisi, ni nafuu, na inastahimili mwanga.

Liko jambo zito zaidi. Kwa miongo mingi filamu za kauboi ziliwaonyesha wenyeji wa Amerika kama umati usio na majina, uliopo ili upigwe risasi. Kuweka mazombi mahali pao kunaondoa dhuluma hiyo, na mimi naihesabu faida ya kweli. Lakini waandishi wavivu huirudisha kwa mlango wa nyuma: chanzo cha balaa kinakuwa laana ya makaburi ya wenyeji. Inachosha, na inawatukana watu walewale. Vyanzo bora vimejaa katika zama hizo, kuanzia dawa za chupa zenye kasumba na pombe zilizouzwa na matapeli hadi migodi yenyewe. Tena zombi wa asili, wa Haiti, hakuwa mla nyama. Alikuwa maiti aliyefufuliwa atumikishwe, hofu iliyozaliwa na utumwa wa mashambani. White Zombie (1932) inawaonyesha wakisukuma kinu cha miwa. Mwenye mgodi anayefufua wafu ili asilipe mshahara angetupa kichekesho chenye meno.

Udhaifu ulio mgumu kutibika ni mwisho. Kauboi huondoka peke yake akiuacha mji salama, hadithi ya zombi hupenda mji uangamie, na vichekesho hutaka watu wapatane. Filamu nyingi hujaribu yote matatu ndani ya dakika kumi za mwisho na zinasambaratika. Mimi ningeupa mwisho wa kauboi kipaumbele, na zombi alipiwe gharama mapema: mchekeshaji wa kundi aumwe katikati ya filamu, aendelee kutania hadi ulimi uwe mzito, ili ushindi uwe umegharimu mtu tuliyempenda. Na ule mkono unaochomoza udongoni sekunde ya mwisho kuahidi sehemu ya pili ukatwe kwenye uhariri. Unafuta kazi yote aliyoifanya steringi, na mtazamaji anatoka akijua alikuwa akiogopa bure.