Grisi nzito si kinga ya kila shafti

Wanaoendesha boti ndogo za rimoti wana kauli moja inayopita bila kuulizwa: bomba la shafti, yaani fimbo inayopeleka mzunguko wa mota kwenye propela, lishindiliwe grisi nzito ya baharini, mpaka itokee upande wa pili, ili maji yakose pa kuingilia. Kwa boti ya maonyesho inayokwenda polepole, kauli hiyo ina mashiko. Tatizo huanza pale inapohamishiwa nzima nzima kwenye boti ya kasi, ambayo shafti yake ni kebo ya chuma ya kusokotwa inayozunguka mara 30,000 kwa dakika.

Kwanza, "grisi ya baharini" ni jina la kopo, si kipimo. Kipimo ni namba ya NLGI, taasisi ya Marekani ya grisi, inayotokana na kina ambacho koni huzama ndani ya grisi; namba ikiwa ndogo, grisi ni laini zaidi: namba 2 huzama milimita 26.5 hadi 29.5, namba 0 milimita 35.5 hadi 38.5. Makopo mengi ya baharini ni namba 2. Rangi haina uhusiano na ubora. Ni ya kumfurahisha mnunuzi tu.

Sasa hesabu. Kebo yenye kipenyo cha milimita 4.76 ikizunguka mara 30,000 kwa dakika, uso wake unateleza ndani ya grisi kwa mwendo wa karibu mita 7.5 kwa sekunde. Shafti ya kipande kimoja cha chuma, ya milimita 4, kwenye boti ya maonyesho, kwa mizunguko 6,000, inateleza mita 1.26. Tofauti ni mara sita hivi. Lakini nguvu inayoliwa na kilainishi haikui sambamba na mwendo, hukua kwa mraba wake, hivyo kilainishi kilekile, kwenye nafasi ileile, kinaweza kula nguvu mara 36. Ni kweli grisi hulegea inaposuguliwa na kupata joto, kwa hiyo kwenye boti tofauti huwa ndogo kuliko hiyo. Ipunguze nusu, ipunguze tena, bado si kidogo. Nguvu hiyo inatoka kwenye betri, inapitia kidhibiti mwendo na mota, kisha inaishia kuwa joto ndani ya bomba badala ya kusukuma maji. Mtu akiona mota inachemka hukimbilia kubadilisha propela, kumbe mzigo uko hapo katikati.

Watetezi wa grisi nzito wana jibu, nalo si la kubeza: baada ya sekunde chache kebo hujichongea njia, grisi inasukumwa pembeni, na mkokoto unapungua. Hutokea hivyo. Ila iliyosukumwa pembeni, kwa kuwa ni nzito, hairudi. Ukifungua unakuta bomba limejaa grisi safi huku kebo yenyewe ni kavu na bushi ya nyuma, kipande kinachoishikilia shafti karibu na propela, imeanza kulika. Grisi laini, namba 0 au 1, hurudi yenyewe pale kebo inapogusa, na kazi ya kilainishi ni hiyo.

Halafu kiasi. Bomba la sentimita 30 lenye kipenyo cha ndani cha milimita 6, ukitoa nafasi ya kebo, linabeba takriban mililita 3. Tabaka jembamba linalofunika nyuzi zote halifiki hata mililita 1. Kinachobaki ni mzigo.

Grisi laini ina gharama yake: maji huiosha mapema. Kebo itolewe kila baada ya siku ya kuendesha, au mara mbili siku hiyohiyo ukikimbia sana. Asiye tayari kwa kazi hiyo abaki na namba 2 tu. Kwenye maji ya chumvi pia grisi nzito yenye kalsiamu salfoneti inastahili nafasi, maana hustahimili maji na huzuia kutu. Na pale mdomo wa ndani wa bomba unapokuwa chini ya usawa wa maji, kwenye boti ya polepole, grisi nzito ndiyo kizibo. Ukiweka oili nyepesi, utayakuta maji ndani. Mdomo ukiwa juu ya usawa huo, oili inatosha.

Yenye grafiti iachwe. Grafiti hupitisha umeme, na kwenye chumvi huharakisha ulikaji kati ya metali mbili tofauti.

Kuhudumia kebo hakuchukui dakika 10. Legeza skrubu za kiungo cha mota, vuta kebo kwa nyuma, ifute kwa kitambaa, kisha ioshe kwa mafuta ya taa na kuikausha kabisa. Ukibadilisha aina ya grisi, osha na bomba, kwa sababu grisi ya lithiamu ikichanganyika na ya udongo wa bentoniti inaweza kulegea na kumwagika. Paka, ingiza huku ukizungusha, kisha kabla ya kukaza acha milimita 2 hadi 3 kati ya kishika propela na bushi ya nyuma. Kebo hufupika inapobeba mzigo. Bila nafasi hiyo itasaga bushi, na lawama itakwenda kwa grisi.

Kabla ya kutupa kitambaa, kisome. Weupe kama maziwa ni maji. Weusi wenye chembe zinazometa ni chuma kinacholika. Na kipande kimoja cha kebo kikiwa kimeng'aa kuliko kwingine, bomba limekunjika mahali hapo au tefloni, plastiki telezi inayolitandika kwa ndani, imekwisha. Shughulikia bomba kwanza, kopo la grisi lisubiri.