Kwani kushuhudia kiapo mpaka uwe wakili?

Niseme mapema kwamba nina maslahi katika hili. Nina shahada ya sheria lakini si wakili. Ada ya Law School, shule ya mafunzo ya uwakili, na gharama za kuishi Dar es Salaam zilinishinda, nikafungua stationery hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nachapa, natoa kopi, nafanya laminesheni. Ukiona ninayoandika yananukia wivu, una haki ya kunipunguzia maksi.

Kila wiki wanakuja watu wanaotafuta muhuri wa wakili kwenye hati zao. Wengi shida yao ni majina. Huku kwetu jina kama Ambakisye linaweza kuandikwa kwa namna tatu: padri aliandika lake kwenye cheti cha ubatizo, mwalimu akaandika lake kwenye cheti cha darasa la saba, na NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wakamalizia na Ambakisi. Siku mama anafuatilia mirathi ya mumewe, benki inamwambia hao ni watu watatu. Dawa yake ni hati ya kiapo: aya ya umri na makazi, aya ya kusema majina yote ni ya mtu mmoja, uthibitisho, saini, halafu sehemu ya kamishna wa viapo, yaani mwenye mamlaka ya kushuhudia kiapo. Kuichapa ni dakika kumi. Kazi ni kumpata wa kuishuhudia.

Kwa Tanzania Bara, njia ya kawaida ya kuwa kamishna wa viapo na notari, yule wa kuthibitisha nyaraka, ni uwakili. Maana yake ni shahada ya sheria kwanza, miaka mitatu au minne kutegemea chuo. Hiyo unaweza kuipata bila kushuka Nyanda za Juu: Mzumbe wana kampasi Mbeya, na Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa na kile cha Ruaha. Baada ya hapo unakwenda Law School, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Ukifaulu unaomba kwa Jaji Mkuu, unaapishwa, jina linaingia kwenye orodha ya mawakili, unajiunga na TLS, chama cha mawakili, na unalipia leseni kila mwaka. Juu ya hayo kuna cheti cha Msajili wa Mahakama Kuu, chini ya sheria ya manotari na makamishna wa viapo, Sura ya 12. Sheria yenyewe tumeirithi kwa mkoloni.

Na hapo katikati kuna chujio. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya Law School yaliyozua gumzo nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, wengine 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 wakashindwa kabisa. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mtu wetu wa Kyela. Sitaki kuufungua mjadala ule upya. Mtu wa kunisimamia kesi ya mauaji mbele ya jaji, mchujeni mpaka abaki mmoja. Lakini huyu wa kumwangalia mama machoni, kukagua kitambulisho chake, kumsomea karatasi na kumshuhudia akisaini, naye tunamchuja kwa chekecheo hilohilo?

Matokeo yake muhuri umebaki mjini. Hapa Mbeya vibao vya mawakili vimejaa Uhindini na Sokomatola, jirani na benki na ofisi za serikali. Mtu wa kijiji cha ndani Ileje, au wa kule Makete upande wa Kitulo, analipa nauli kwenda na kurudi kwa ajili ya karatasi moja. Hakimu naye anaweza kumsaidia, nami huwa nawaelekeza watu mahakamani, ila hakimu ana kesi zake. Utakaa kwenye benchi mpaka amalize. Msimu wa fomu za mikopo ya elimu ya juu ndiyo usiseme. Vijana wanajipanga na bahasha za kaki, kila mmoja anauliza wakili gani ana bei nafuu.

Palipo na uhaba, njia ya mkato haikosekani. Kuna vibanda ambako mteja anachapiwa kiapo, anauliza, "Kaka, wakili mwenyewe nitamwona saa ngapi?" Anajibiwa, "Acha hapa mama, jioni uje uchukue." Jioni anaikuta imegongwa muhuri. Wakili hajamwona mama, mama hajamwona wakili, na karatasi inasema kwa wino wa bluu kwamba ameapa mbele yake. Mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza ambacho mwapaji hakisomi, ingawa tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Kifungu cha 8 cha Sura ya 12 kinamtaka kamishna aandike jina lake, mahali na tarehe ya kiapo, na aandike ukweli. Zimo hati nyingi zilizotupwa na mahakama kwa kasoro za sehemu hiyo tu. Kwa hiyo usiniambie kwamba kiwango kikubwa cha elimu kinatosha kulinda kiapo.

Wenzetu wa Marekani wanafanya tofauti, na katika majimbo mengi notari si lazima awe mwanasheria. California, kwa mfano, anayeomba kwa mara ya kwanza awe ametimiza miaka 18, asome kozi ya saa sita, afaulu mtihani, alama za vidole vyake zipekuliwe, na aweke dhamana ya dola 15,000. Kibali ni cha miaka minne. Ushauri wa kisheria haruhusiwi kutoa, na bei ya kushuhudia saini ina kikomo, dola 15. Saa sita ni chache mno, hilo nakubali. Sitaki kuona kijana aliyemaliza form four juzi akithibitisha mauzo ya shamba la chai kule Rungwe. Kilichonivutia ni daftari. Notari wa California analazimika kuandika kila kazi aliyofanya: tarehe, aina ya hati, alivyomtambua mtu, na saini ya mtu huyo. Kama ni hati ya nyumba au ardhi, au ya kumpa mwingine mamlaka, anachukua na dole gumba. Mgogoro ukizuka, daftari linafunguliwa.

Pendekezo langu ni kuzitenganisha kazi hizi mbili. Mikataba ya ardhi, hati za kumpa mtu mamlaka na nyaraka za kwenda nje zibaki kwa mawakili. Viapo vya kawaida na kuthibitisha kopi za vyeti vifunguliwe kwa mhitimu yeyote wa sheria aliyepata mafunzo mafupi, akapekuliwa, akaweka dhamana na kupangiwa kata au wilaya. Wasaidizi wa kisheria tayari wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Wale wenye sifa nao wafikiriwe.

Rafiki yangu wakili ananiambia nataka kumla mkate wake. Namwelewa, kodi ya ofisi ya mjini si mchezo, na kwa wakili mchanga elfu chache za muhuri ndizo zinazowasha taa. Ila sioni kwa nini mjane wa Ileje ndiye amlipie kodi hiyo. Hoja yake ya pili ina uzito zaidi: ukiongeza mihuri mitaani, unaongeza na matapeli. Ndiyo maana nang'ang'ania daftari, na ningependa lianze na mawakili wenyewe. Kwenye ofisi nilizoingia sijaliona mezani. Halihitaji kusubiri Bunge. Kaunta buku la kwaya tatu lipo hata hapa dukani kwangu.