Katoka India kutibiwa, tumtenge au tumpokee tu? Suala la bakteria sugu

Mgonjwa karudi kutoka kutibiwa India, wiki mbili tatu zimepita kazidiwa hapa Dar au Nairobi, sasa apokelewe wodini kama wengine au awekwe pembeni kwanza apimwe kama kabeba bakteria sugu, yaani wale wasiosikia antibayotiki? Hapo watu wanagawanyika kweli. Wengine wanasema ni usalama wa wote, wengine wanaona ni unyanyapaa tu, mtu kauza kiwanja akatafute figo alafu anarudi kwao anapokelewa kama mwenye kipindupindu. Mi naona wote wana hoja ila wote macho yao yapo kwenye pasipoti, na ndipo panaponitatiza.

Tuanze na wanaotaka apimwe. Kesi yao kubwa ni ya Reno, Nevada, mwaka 2016. Mama wa miaka sabini na kitu alivunjika paja akiwa India, mfupa ukaingiwa na maambukizi, akalazwa huko mara kadhaa ndani ya miaka miwili, Agosti akawa yupo Marekani hospitalini na nyonga bado ina tatizo. Maabara walipootesha sampuli wakakuta Klebsiella, aina ya bakteria wanaokaa tumboni, isiyosikia antibayotiki 26, yaani zote walizokuwa nazo nchini kwao za kutibu maambukizi kama yake. Septemba akafariki. Ila kuna kipande watu wakisimulia hii stori wanakiruka: alikuwa ametengwa chumba cha peke yake, wahudumu wanaingia na gauni na glavu, na wagonjwa wengine wa kitengo kile walipopimwa hakuna aliyekutwa nayo. Yeye hakupona lakini wenzake walisalimika, na hiyo sio hoja ya kupuuza.

Alafu kuna ile ya Sweden 2008, mzee wa miaka 59 mwenye asili ya India aliyekuwa amelazwa New Delhi, mkojo wake ukakutwa na Klebsiella yenye kimeng'enya kipya kinachovunja meropenemu na ndugu zake, yaani zile antibayotiki kali za akiba, ndicho kikaitwa NDM-1. Kilichotisha zaidi ni kwamba walipopima kinyesi chake wakakuta jeni ileile ya kutengeneza NDM-1 ipo pia kwenye E. coli, bakteria wa aina nyingine kabisa. Hawa wadudu wanarushiana hizo jeni kama vijana wanavyorushiana nyimbo kwa bluetooth, sio lazima mdudu azaliane ndio usugu usambae. Kwahiyo mtu anaweza asiwe anaumwa kitu, anatembea vizuri, kumbe tumboni kabeba, na siku akiwekewa mpira wa mkojo au akapasuliwa ndio mdudu anapata njia.

Uholanzi wanalichukulia hili kwa uzito, ukiwa umelazwa hospitali ya nje ukifika kwao unatengwa kwanza, wanachukua kijiti cha pamba wanapitisha njia ya haja kubwa (ndio, huko huko) na unasubiri majibu ndio uchanganywe na wenzako. Kwao inalipa kwa sababu wana vyumba vya kutosha, wana maabara, na huyo mdudu kwao bado ni mgeni kweli.

Sasa upande wa pili. Hao hao Waholanzi walifuatilia wasafiri wao, watu 2,001, wengi wao watalii na watu wa shughuli zao za kawaida, majibu yakatoka 2017: theluthi hivi ya waliokuwa safi kabla ya safari walirudi na bakteria wa ESBL, yaani wenye vimeng'enya vinavyovunja antibayotiki nyingi, ambao hata sindano ya seftriaksoni haiwawezi. Kwa waliotoka Asia ya Kusini ilikuwa 75%. Inatisha eeh, lakini nusu yao walishampoteza huyo mdudu ndani ya mwezi mmoja hivi, na baada ya mwaka waliobaki naye walikuwa 11.3% tu. Waliokuwa kwenye hatari zaidi ni walioharisha safarini na waliomeza antibayotiki wakiwa huko. Kumbe sio suala la kugusa ardhi ya India tu, ni pia dawa ulizomeza na mazingira uliyoishi.

Na kwetu hapa habari ndio inageuka kabisa. Ripoti ya 2011 ilionyesha NDM-1 kwenye sampuli za wagonjwa wa hospitali Nairobi zilizochukuliwa kati ya 2007 na 2009, yaani miaka ileile ya yule mzee wa Sweden. Muhimbili nako utafiti uliotoka 2005 uliangalia watoto wenye maambukizi ya damu, na waliokuwa na bakteria wa ESBL walifariki 71%. Watoto wale walikuwa wa Dar, hakuna cha visa wala ndege. Sasa ukimsimamisha aliyetoka Chennai, India, ukamwacha aliyetoka wiki tatu wodi ya mkoa jirani, na dripu na mpira wa mkojo, umekinga nini?

Halafu kumtenga kwenyewe tutamtenga wapi. Wodi nyingi za umma wagonjwa wanalala mzungu wa nne, bomba la maji lipo moja mlangoni na sabuni ni bahati. Hata pale chumba kinapopatikana, aliyetengwa anapitiwa mara chache maana kila kuingia ni gauni mpya, na ndugu wanaanza kunong'ona ana nini huyu.

Na tusijifanye usugu unaletwa na ndege tu wakati duka la dawa la mtaani unasema nipe rangi mbili (antibayotiki hizo) za buku na unapewa nne kwenye kikaratasi, hakuna cheti wala hakuna kuulizwa unaumwa nini. Mwezi unaofuata unasikia mtu analalamika ana UTI sugu, kachoma sindano kibao, mkojo haujaoteshwa hata mara moja.

Pamoja na hayo siwezi kusema waliotoka nje wasiulizwe, hapana. Hospitali inayopokea wagonjwa wa figo, wa saratani, wa ICU, hao kinga imeshashuka, mdudu mmoja wa namna hii akiingia ni msiba, na wagonjwa wa aina hiyo ndio haohao wanaokwenda India na kurudi. Hapo pima, tena mapema. Ila swali la kwenye fomu ya mapokezi lisiwe umesafiri wapi, liwe umelazwa hospitali gani ndani ya miezi 12 iliyopita na ulitumia dawa zipi, iwe Delhi, iwe Mbeya, iwe hapo ng'ambo ya barabara. Anayejibu kwamba alilazwa ndio apimwe kwa kijiti, na kama chumba hakuna basi apewe kitanda cha pembeni, kipimo cha presha chake mwenyewe, na nesi anawe akitoka kwake kabla hajamgusa wa kitanda cha pili. Hilo la kunawa halisubiri majibu ya maabara.