Siku Mkono Wangu Ulipopona Mbele ya Wakwe

Kwanza tuelewane kuhusu hili neno "mkono wa kulia". Nilipoanza darasa la kwanza, mwalimu alisema kalamu inashikwa kwa mkono wa kulia. Nikaitazama mikono yangu yote miwili. Nikiandika kwa huu, rula inatua kwenye vifundo vya vidole, nalia. Nikiandika kwa ule, silii, ila herufi ndizo zinazolia. Basi kwa hesabu yangu, mkono wangu wa kulia ulikuwa wa kushoto, na nikamweleza mwalimu hivyo kwa adabu zote. Siku hiyo nililia kwa mikono yote miwili.

Kwetu Tanga, Ngamiani, mtu kama mimi huitwa mashoto, na jina likishakukaa halitoki hata kwa magadi. Vijana wa mtaani walinizidishia. Kiswahili cha wazee kinauita mkono wa kushoto mkono wa kike na wa kulia mkono wa kuume, kwa hiyo kila nikirusha jiwe naambiwa narusha kikekike. Embe lilikuwa linaanguka vilevile, na walikuwa wanalila.

Baba alikuwa fundi cherehani, na mimi ndiye mtoto wake wa kiume pekee, kwa hiyo ilishaamuliwa kabla sijazaliwa kwamba nitarithi mkasi. Sasa mkasi wa fundi una siri yake. Umeundwa ili vidole vya mkono wa kulia vikibana, yale makali mawili yabanane. Ushike kwa kushoto, nguvu ileile inayaachanisha. Kitambaa hakikatiki, kinajikunja na kulala katikati kama mgonjwa kitandani. Baba alidhani mkasi umekuwa butu, akaupeleka kunolewa. Wiki iliyofuata akaupeleka tena. Mara ya tatu nikanolewa mimi.

Madrasa ndiko nilikoonewa zaidi, na hili bado linaniuma. Mashoto akiandika Kiswahili, kiganja kinafuata nyuma ya kalamu na kufuta kila kilichoandikwa. Daftari langu la shule lilionekana kama limeandikwa na kuku wakati wa masika. Lakini Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto! Kiganja changu kinatangulia, wino unabaki nyuma, safi, unakauka kwa raha zake. Duniani palikuwa na sehemu moja tu iliyotengenezwa kwa ajili yangu, na hapo ndipo maalim alipokuwa na fimbo ndefu kuliko zote. Nilijaribu kumwonyesha. Akanitazama, yeye mwenyewe kiganja kikiwa cheusi tii kwa wino, akaniambia nirudie hadithi ile ambayo kila mtoto wa chuoni huanza nayo: kijana, mtaje Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wako wa kulia, na kula kilicho mbele yako. Mambo matatu. Mawili nilikuwa nayatimiza vizuri sana, hasa la mwisho.

Ila hao wote walikuwa askari tu. Jemadari alikuwa Bibi.

Bibi alianza na kufunga mkono kwa kipande cha kanga. Nikafungua kwa meno. Akaja na pilipili kichaa kwenye vidole. Nikajikuna jicho, na nyumba nzima haikulala. Hoja yake ilikuwa moja, nzito, na aliirudia asubuhi na jioni: mkono wa kushoto ni wa chooni, hauwezi kufika kwenye sinia la watu. Nikiwa na miaka tisa, nikaona bibi huyu anateseka bure. Nikamkalisha kitako nimtoe wasiwasi.

"Bibi, mimi nimegeuza tu. Huu wa kushoto ndio ninaolia chakula. Wa chooni ni huu wa kulia."

Bibi akanyamaza. Akautazama mkono wangu wa kulia. Kisha akautazama wa kwake. Asubuhi ile nilikuwa nimemwamkia shikamoo, nikampa mkono, naye akaubusu, kama alivyofanya kila asubuhi tangu nijue kusimama. Nikaona midomo yake inacheza, anahesabu: imamu wa msikiti, mwenye duka, mama wa vitumbua, balozi wa nyumba kumi. Mtoto mwenye adabu, mtaa mzima nilikuwa nimeupa mkono.

Alinawa kwa sabuni, akanawa kwa ndimu, akanawa tena kwa sabuni. Kisha akaita kikao. Ikaamriwa nigeuze, kila mkono urudi kwenye kazi yake. Niliitikia. Lakini ninyi mnajua, chooni hakuna msimamizi.

Sasa ndio tufike kwenye mwaka 1996, dada yangu mkubwa alipoposwa. Wazee wa upande wa mume walikuwa wanatoka Pangani kuleta mahari, watu wazito, wa kanzu za kupigwa pasi hadi zinasimama zenyewe. Chakula ni biriani. Na wageni wa namna hiyo hunawishwa na mtoto wa kiume wa nyumba, ambaye, kama nilivyosema, alikuwa mmoja tu.

Bibi hakupata usingizi. Alfajiri nikamsikia anamwambia baba: "Mshone."

"Kanzu yake si ipo tayari, mama?"

"Mkono wa kushoto wa kanzu. Uzibe mdomoni."

Yaani niingize mkono, kisha mwisho wa mkono wa kanzu ufungwe, vidole vibaki ndani kama viazi kwenye mfuko. Baba alitaka kubisha, ila hakuna fundi aliyewahi kumbishia mama yake kabla ya jua kuchomoza. Akachukua sindano. Labda ni huruma, labda ni haraka, lakini hakushona kwa mshono wa kudumu. Alipiga bandi tu, zile nyuzi za mbalimbali ambazo fundi hushikizia kitambaa kabla hajakipitisha kwenye cherehani, na ambazo huchomoka ukivuta mara moja. Likumbuke hilo.

Wageni walikuja watano. Wakakaa kwenye mkeka, baba na mjomba wakakaa mkabala nao. Nikawapitia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, nikiwapa mkono wa kulia kama nilivyoagizwa. Niliona macho yao yanateremka kwenye kile kifundo cha upande wa pili, kisha yanaondoka haraka, kama mtu aliyechungulia dirisha lisilo lake. Sikujali. Akili yangu ilikuwa kwenye birika.

Kama hujazaliwa mashoto, leo usiku jaribu kumimina maji kutoka birika lililojaa kwa mkono usio wako, wakwezo wakikutazama. Binamu yangu alishika beseni. Mzee wa kwanza nikamnawisha goti. Wa pili nikamnawisha kanzu hadi kiwikoni. Wa tatu alikwishaona yaliyowapata wenzake, akawa anaufuata mdomo wa birika kwa viganja vyake, nao unahama, anaufuata, unahama, mpaka beseni, birika na mzee vikawa vinazunguka pamoja kama watu wa kirumbizi. Mwishowe alilishika birika mwenyewe, akajinawisha, akashukuru.

Wa nne ndiye alikuwa msemaji wao, baba mkubwa wa bwana harusi. Kofia ya viua, koti juu ya kanzu, sauti ya chini. Hakunyoosha mikono. Aliniangalia kwa huruma mpaka nikaanza kujionea huruma mwenyewe.

"Mwanangu, huo mkono umepatwa na nini?"

Nilifungua kinywa niseme kweli. Baba akaniwahi: "Alianguka mwembeni."

Sekunde ileile mjomba, ambaye hakuna aliyemwambia lolote, naye akaona aokoe jahazi: "Aliungua uji."

Mzee akamtazama baba. Akamtazama mjomba. "Alianguka mwembeni, akaungua uji?"

Pakawa kimya, maji yanadondoka tu kwenye beseni, to, to, to. Binamu yangu, mtoto aliyependa kusaidia siku zote za maisha yake, akasema: "Uji ulikuwa unapikwa chini ya mwembe."

Wazee watano wakatikisa vichwa kwa pamoja. Kisa kilikuwa kimekamilika, tena cha kusikitisha.

"Maskini," akasema yule mzee. "Na kwa hali hiyo bado anahudumia wageni." Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa noti ya shilingi 500. Wa kwanza, ambaye goti lake lilikuwa bado linachuruzika, akatoa yake. Nao wengine wakatoa. Noti tano zikanijia kwa pamoja, mpya, zimenyooka. Shilingi 2,500! Mimi ambaye sikukuu nzima sikuwahi kufikisha hata nusu ya hizo.

Mkono wa kulia ulikuwa na birika. Na kuliweka birika chini, kwa jinsi lilivyokuwa linatetemeka, ni kuwaogesha waliobaki. Hapo binamu akaliweka beseni lake chini taratibu, akapangusa viganja kwenye kanzu, akasema kwa sauti ya malaika: "Lete mimi nikushikie."

Binamu yangu nilikuwa namjua. Hela ikiingia kwake huwa imekwenda kwa Mola wake.

Wallahi sikuamua mimi. Mkono uliamua wenyewe. Trrrrrrr! Bandi ya baba ikafumuka kama ganda la karanga, vidole vitano vikachomoza vikiwa vizima, vimenawiri, vikazidaka noti zote tano kwa mpigo mmoja.

Baba alifumba macho. Mjomba akaanza kusoma kitu kimoyomoyo. Mimi nimesimama, uzi mweupe unaning'inia, nimepokea kitu cha wazee kwa mkono wa kushoto mbele ya wakwe wa dada yangu, kosa ambalo Bibi alikuwa amelizuia kwa miaka kumi.

Yule mzee aliinuka nusu, kofia ikamwendea kisogoni.

"Subhanallah!" akapaza sauti. "Mtoto kapona!"

"Allahu akbar!" wakaitikia wenzake.

Nyuma ya pazia, shangazi yangu aliyekuwa anasubiri kwa hamu ishara kwamba mahari imekubaliwa, alisikia takbira akaona ndiyo hiyo. Akapiga kigelegele. Akapokelewa na wa jikoni, wakapokelewa na wa nyumba ya pili, na chumbani dada naye akaanza kulia kama inavyompasa bibi harusi. Mahari yenyewe ilikuwa bado iko kwenye mkoba, haijahesabiwa.

Pazia likafunguka kidogo. Jicho la Bibi. Likaangalia uzi, likaangalia vidole, likaangalia nyuso za wazee, zimejaa nuru. Nilijua nimekufa. Lakini Bibi hakuwa mtu wa kupoteza vita kwa sababu ya mkono wa kanzu.

"Basi si kapona?" akasema kwa upole. "Awanawishe."

Nikahamisha birika kwenye mkono wa kushoto. Nikamnawisha yule mzee, nikamnawisha wa tano, nikarudi kwa wale wa mwanzo walionawa magoti na viwiko. Maji yalitoka kama uzi, hayakudondoka hata tone mkekani. Hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini wa kushoto. Nani angeukatalia kazi mkono uliofunguliwa na Mola dakika ileile?

Mahari ikahesabiwa, biriani ikaliwa, ndoa ikafungwa mwezi uliofuata. Upande wa shemeji hadi leo naitwa Mponaji. Siku hizi tuna hata siku yetu duniani, tarehe 13 Agosti, na kila mwaka ikifika shemeji hunipigia simu kuulizia hali ya mkono. Husemwa kwamba mashoto tunakaribia mtu mmoja katika kila watu kumi. Mtaani kwetu nilikuwa peke yangu. Wenzangu nadhani walishonwa kwa cherehani.

Bibi mwenyewe hakukata tamaa mpaka uzeeni. Januari 2009, Obama alipokwisha kuapishwa, televisheni ilimwonyesha amekaa anatia saini makaratasi kwa mkono wa kushoto. Nikamgeukia Bibi kwa ushindi. Akatazama kwa makini, akasonya. "Huyo bibi yake wa Kogelo alikuwa mbali."

Lakini narudi kwenye siku ile ya mahari. Wageni walipokuwa wanakula, Bibi aliniita uani akanyoosha kiganja. "Lete hela."

"Zangu, Bibi. Wamenipa mimi."

"Umezipokea kwa mkono wa chooni. Haziwezi kuwa zako."

Nikaona bora niseme kweli, angalau mara moja siku ile. "Bibi, wa chooni ni ule mwingine. Ule niliowaamkia."

Bibi akageuka akalitazama pazia. Ndani wazee wa Pangani walikuwa wanamega matonge ya biriani, wanacheka, wanalamba vidole. Akafikiri kidogo. Kisha akazichukua noti zote tano, akazifunga kwenye fundo la kanga, akakaza.

"Ndiyo maana tukawanawisha," akasema, akarudi jikoni.