"Hakuna kitu pale" ni kauli ya asiyetazama

Nilimwonyesha rafiki yangu picha ya aguatero, ndege wa vinamasi wa Amerika Kusini. Akaikodolea macho, akasema, "Mbona ni nyasi tupu?" Hilo halikuniudhi. Kilichoniudhi ni alichoongeza: "Mahali kama hapo si bora wakaushe walime?"

Ndege alikuwa katikati ya picha, kahawia, na mistari ya rangi ya majani makavu mgongoni. Ndivyo anavyoishi vinamasini huko Argentina, Uruguay, Paraguay, kusini mwa Brazil na Chile: mchana hujibanza, haruki mpaka ukaribie kumkanyaga. Giza likianza kuingia ndipo anatoka kuchokoa tope kwa mdomo mrefu uliopinda nchani.

Sasa ndege wa namna hiyo atatetewa na nani? Flamingo wakihama ziwa, watalii watauliza. Aguatero akitoweka, kinamasi kinabaki na sura ileile. Mtu anachimba mtaro, maji yanaondoka, ng'ombe wanaingia, naye anaapa hajaua kiumbe. Kule kujificha kunakomwokoa na mwewe hakumsaidii chochote mbele ya mtaro, wala mbele ya moto. Mwaka 2020 delta ya mto Paraná, Argentina, iliungua, moshi ukatanda mpaka mji wa Rosario, watu wakaingia barabarani kudai sheria ya kulinda maeneo oevu. Inaniuma kwamba kabla ya hapo muswada ulishapita Seneti ya Argentina mara mbili, mwaka 2013 na 2016, na mara zote ukafia kwenye bunge la chini. Chile walau walipitisha sheria yao mwaka huohuo wa 2020, ingawa ni ya maeneo oevu ya mijini.

Haya, nakubali: aguatero hajaingizwa kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini. Lakini ukoo wake una spishi tatu tu duniani, na yule wa Australia tayari yuko hatarini, baada ya vinamasi vya bonde la Murray-Darling kukaushwa na maji kupelekwa mashambani. Wa tatu tunaye sisi, Kenya na Tanzania. (Kwake jike ndiye mwenye rangi kali, na dume ndiye anayelalia mayai.) Tungoje naye aorodheshwe?

Ninachodai ni hiki: kabla ya kutoa kibali cha kukausha kinamasi, atumwe mtu anayewajua ndege, aingie topeni kwa miguu, jua likizama, na arudi tena msimu wa kutaga. Ukaguzi wa saa nne asubuhi kutoka dirisha la gari usihesabiwe.