Hizi lenzi za zamani, tusidanganyane

Kila mara kuna kijana ananitumia meseji, buda nimeona lenzi ya Helios mahali elfu tatu, nichukue? Alafu anaongeza ati ameona kwa YouTube zinatoa picha kama za sinema. Mimi humuuliza kitu kimoja tu, kamera yako ni gani? Juu hilo swali ningeulizwa mimi wakati ule ningeokoa pesa yangu na jioni moja nzima ya Uhuru Park.

Yangu niliuziwa na mzee aliyekuwa na studio enzi za filamu, ikiwa bado imefungwa kwa Zenit ya Mrusi, nzito kama jiwe la kusagia. Shata ya hiyo Zenit ilikuwa imekwama kabisa, lakini lenzi, Helios 44-2, 58mm f/2, kioo safi. "Kijana yangu, hiyo kamera weka kabatini, hilo jicho ndio mali," akaniambia. Nikatoa elfu mbili na mia tano. Nikaingia duka moja la mjini nikauziwa adapta ya kutoka M42, yaani uzi wa kufungia wa hiyo Helios, kwenda Nikon, kapete ka chuma tu, nikaambiwa inaingia bila shida. Na enyewe iliingia.

Basi jioni pale Uhuru Park nikaelekeza jengo la KICC, nikazungusha pete ya fokasi mpaka ikagonga mwisho, jengo zima uji. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikasonga mbele hatua tatu, kana kwamba hizo hatua zitabadilisha kitu. Kamera yangu ilikuwa DSLR ya kianzio (zile zenye kioo ndani kinachoinuka ukipiga), hata mwanga ilikataa kunipimia kwa lenzi isiyo na chipu, kwa hivyo nakisia shata, napiga, naangalia, nafuta. Jamaa mmoja wa wale wapiga picha wa hapo bustanini akanitazama weee, mwishowe akauliza, "Boss, mashine imeharibika?" Nikamwambia simama hapo karibu nikupige. Akatoka vizuri ajabu, hadi nyuzi za kola. Nyuma yake mji wote ukungu.

Nilikuja kuelewa baadaye. Kila aina ya kamera ina umbali wake kutoka pale lenzi inafungwa hadi kwa sensa. Lenzi ya M42 imetengenezewa 45.46mm. Nikon za DSLR zina 46.5mm. Yaani lenzi yangu ilikuwa imekaa mbele zaidi ya inavyotakiwa kwa milimita moja na kitu, ongeza unene wa adapta yenyewe, na hiyo inatosha kukunyima kila kitu kilicho mbali zaidi ya mita mbili tatu. Kuna adapta zenye kakioo ndani ka kurekebisha, lakini nyingi za bei rahisi hako kakioo kanaharibu picha, sasa umenunua lenzi nzuri ukaivalisha miwani mibovu. Wenzetu wa Canon za DSLR wana 44mm, pete nyembamba inatosha. Na wa mirolesi ndio wamebarikiwa, juu kile kioo cha ndani kinachopiga kap! kilitolewa: Sony E ni 18mm, Canon RF 20mm, Nikon Z 16mm. Adapta inakuwa bomba tupu, hewa tu ndani, na hewa haiharibu kitu. Siku nilipata Sony a6000 ya mkono wa pili (usisahau kuiwashia kwa menyu ile ya kupiga bila lenzi, la sivyo itagoma) nilirudi pale pale na KICC ikashika hadi madirisha.

Sasa hii ya picha kama sinema. Helios ilitokana na Biotar ya Carl Zeiss Jena, na sifa yake kubwa ni majani ya nyuma kuzunguka kama kimbunga. Huo mzunguko uko pembeni mwa picha. Ukiwa na sensa ndogo kama yangu pembeni inakatwa, 58mm inakuwa kama 87mm, na kimbunga kinabaki upepo tu. Watu hawakwambii hivyo. Ukipiga ukielekea jua, nayo, rangi zinapauka kama shuka iliyooshwa sana. Wengine wanapenda. Mimi napenda nikiwa nimeitaka.

Ninachoipendea ni pete ya fokasi. Inazunguka mbali, nzito kiasi, ina mwisho wake, na vidole vinakumbuka mtu akikaa meza ya pili iko wapi. Lakini nilipojifanya mjuaji nikaibeba peke yake kwa ruracio moja, sherehe ya mahari, huko Kiambu, akina mama wanaingia na vikapu wakiimba na kucheza, aisee, nilishika masikio na vitambaa. Kwa f/2, yaani tundu likiwa wazi kabisa, mtu akiwa mita moja, sehemu inayoshika ni sentimita mbili hivi, na zile rangi nyekundu za kamera za kukuonyesha fokasi zinawaka kwa jicho, kwa pua na kwa hereni pamoja. Zinadanganya. Lazima ukuze jicho kwa skrini uhakikishe, na ukimaliza kuhakikisha mama ameshapita. Mwenye sherehe alilipa, hakunipigia tena.

Kwa hivyo kijana wangu wa meseji, ukiwa na mirolesi, nenda, lakini nenda mchana. Fungua tundu lote, mulika tochi ya simu kutoka nyuma. Vumbi kidogo halina neno. Ukiona utando kama wa buibui, hasa lenzi iliyotoka Pwani, hiyo ni fangasi, rudisha. Angalia vile visu vya ndani vya kufunga tundu kama vina mafuta. Zungusha pete mwisho hadi mwisho ukisikiliza mchanga. Na muuzaji akikuambia hiyo njano ya kioo ni ya umri, kama ni Super-Takumar 50mm f/1.4 ya Pentax amekosea kidogo, ile kioo ina thoriamu ndani, madini ya mionzi yanayoigeuza njano, ukiianika kwa jua siku kadhaa njano inapungua, ila funika nyuma kwa foili usije ukachoma pazia.

Mimi kwa arusi siku hizi nabeba lenzi ya kisasa inayojifokasi yenyewe. Helios iko kwa begi ndani ya soksi, na haitoki huko mpaka bibi arusi akae chini.