Mama Mdogo na Kafara ya Betty

Mgeni akija Uingereza mwezi wa nane, watu humpeleka London akapige picha na saa kubwa. Mimi Mama Mdogo wangu wa Pangani nilimpeleka kwenye nyika za North York Moors, maana ni karibu na kwangu na maegesho ni bure. Vilima vitupu, vichaka vya maua ya zambarau mpaka macho yachoke, na upepo wa kung'oa mtandio.

Kule njiani kuna misalaba ya mawe ya tangu zama za kati. Ukungu ukishuka au theluji ikifunika njia, wasafiri waliitafuta ili wasipotee. Mmoja mrefu, Young Ralph, una kishimo juu ambamo wenye nacho walimwachia msafiri maskini sarafu. Mwaka 1961 kuna bwana aliuparamia kuzitafuta, ukavunjika vipande vitatu. Huo tuliupita salama.

Balaa lilikuwa kwa jirani yake, Fat Betty. Huyu hana urefu: bonge la jiwe lenye kichwa cha mviringo kilichochongwa msalaba, kapakwa rangi nyeupe, kakaa peke yake kama bibi anayengoja daladala. Desturi ni kwamba mpita njia huchukua kitafunwa kilichoachwa na mwenzake, naye akaacha chake. Siku hiyo palikuwa na biskuti, pipi, chungwa na kipande cha keki.

Mama Mdogo alitangulia nikiwa bado nafunga gari. Nikamwona amesimama ghafla.

"Mwanangu, usisogee. Hapa pana mzimu."

Sasa mtu wa Pangani akikuta jiwe jeupe limezungukwa na vyakula, utamwambia nini? Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua mdomo, akatokea babu wa kizungu mwenye fimbo na soksi za magotini, akachukua biskuti na kuielekeza kinywani.

"Babu wee! Usile! Kafara hiyo!"

Goti la Mama Mdogo lilikuwa limegoma kupanda ngazi tangu atue. Pale liliruka mtaro. Biskuti ikapigwa kofi ikapotelea majanini. Babu, maskini, akadhani mama wa watu ana njaa. Akamkabidhi keki kwa mikono miwili.

Mama Mdogo akarudi nyuma akisoma Ayatul Kursi. Babu, kwa kutaka kutuliza mambo, akatusimulia hadithi ya wenyeji: mkulima alikuwa akirudi nyumbani na mkokoteni usiku wa ukungu, mkewe Betty kakaa nyuma. Kufika, mke hayupo. Akarudi kumtafuta, akakuta jiwe tu. Nami nikatafsiri yote.

"Umesikia? Mtu kageuka jiwe, nawe waniambia desturi!" Kisha akanyamaza kidogo. "Na huyo mume, njia nzima hakugeuka hata mara moja kumtazama mkewe? Mwanaume gani huyo?" Dakika kadhaa mzimu ukasahaulika, akatukanwa mkulima.

Wakati huo kondoo alikuwa kazini. Kondoo wa kule wana nyuso nyeusi, midomo myeupe na pembe zilizojikunja, na haya hawana. Mmoja alikwisha tumbukiza kichwa kwenye kikapu chetu cha visheti. Nikapiga kelele, akainua kichwa, mpini ukanasa kwenye pembe, akatimua mbio na kikapu usoni, visheti vikimwagika vichakani. Babu akamfukuza na fimbo, kila hatua "samahani, samahani". Kwale wawili wekundu wakafumuka miguuni pake wakifoka kama wamedaiwa kodi. Nilipogeuka, Mama Mdogo alikuwa ndani ya gari, vioo juu, milango imefungwa, na ufunguo ninao mimi. Mpaka leo sijui aliingiaje.

Usiku akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, mrefu kuliko hotuba ya harusi: Betty anapokea kafara kwa kondoo, tena haraka. Shangazi akasema astaghfirullah. Binamu yangu alinifuata faraghani, akauliza kama Betty anashughulikia na mambo ya viza.